Maswali Ambayo Mama Hanna Hakuulizwa

Anzeni na viti. Kila mwongozaji mpya anayenijia kuniuliza aonyeshe picha gani kwanza, au awaelezeje watoto habari za mauaji ya Wayahudi bila kuwatia hofu, mimi humrudisha kwenye viti. Mkivipanga kwa mistari kama darasani, wageni wenu watakaa wakisubiri kufundishwa, na mtu anayesubiri kufundishwa hasemi anachokiamini. Vipangeni nusu duara. Acheni nafasi karibu na mlango, ili atakayechelewa aingie bila aibu. Kisha kaeni nanyi, muulize, "Ni nani hapa amewahi kukutana na Myahudi?"

Halafu nyamazeni. Mtasikia saa ya ukutani, mtasikia mtu akikohoa, na mtatamani sana kusema kitu. Msiseme. Kazi yenu inaanza hapo, na hapo ndipo mimi nilipoiharibu, wanangu, kwa miaka mingi, huku watu wakinipigia makofi.

Nilifanya kazi pale kituoni, nikiongoza vikundi kwenye maonyesho ya mauaji ya Wayahudi, miaka kumi na minne. Niliajiriwa kwa sababu ya lugha. Watu wetu walikuwa wamejaa Durban, Wakongo na Warundi, wa saluni na maduka ya simu, na kituo kilitaka mtu wa kuwaeleza kwa Kiswahili chuki dhidi ya Wayahudi ni nini, imetoka wapi, na kwa nini inawahusu na wao. Sasa magoti yamekataa zile ngazi. Nakaa chumbani kwangu Glenwood, nasikia wanafunzi wa chuo wakibishana upande wa pili wa ukuta, na ninyi mnakuja Jumamosi na mikate yenu kuniuliza mambo. Mmeniomba niandike. Haya.

Swali lile la kwanza huleta majibu ya aina mbili. Mara moja dada mmoja wa saluni alisema, "Mimi namjua, Papa Faustin! Bosi wangu wa kwanza alikuwa juif kabisa. Ule mtu alikuwa anapima hata majani ya chai!" Wote wakacheka. Nikamuuliza huyo bosi alitoka wapi. Akafikiri, akajibu, "Bukavu." Wakacheka zaidi, kwa sababu mimi mwenyewe ni mtu wa Bukavu. Nami nikacheka, kisha nikawaambia kweli: kwetu nami nilikua nikimwita juif, yaani Myahudi kwa Kifaransa, kila mtu mchoyo, na sikuwa nimemwona Myahudi hata mmoja. Neno lilitufikia kabla ya watu wenyewe. Mkifika hapo msimkaripie mtu. Muulizeni tu, "Ulilisikia wapi?" Mwacheni alitafute. Mara nyingi atalikuta jikoni kwa shangazi yake, na ataona mwenyewe kwamba hakulichagua.

Jibu la pili ni gumu zaidi kwa sababu linakuja limevaa sifa. "Wayahudi ni taifa teule, Papa. Hawashindwi. Wao ndio wanaongoza dunia." Anayesema hivyo anadhani anakupa zawadi. Mwelezeni polepole kwamba mtu anayeaminiwa kuongoza dunia ndiye atakayelaumiwa mvua isiponyesha. Waambieni wakumbuke sisi wenyewe tulivyoambiwa katika mji huu: wageni ni wajanja, wanajua biashara kuliko wenyeji. Ilianza kama sifa. Mnakumbuka ilipoishia.

Iliishia kwenye mahema ya wakimbizi ya Isipingo, na hapo ndipo nilipomfahamu Mama Hanna.

Tulikuwa tumefukuzwa vyumbani mwetu na watu tuliokuwa tukisalimiana nao kila asubuhi. Siku ya tatu wakaja wanawake wa sinagogi na mablanketi. Wengine waligawa wakaondoka, na tuliwashukuru. Mmoja, mzee, mfupi, amevaa kofia ya kitambaa, aligeuza ndoo akaikalia. Akaniuliza jina langu, na jina la kijiji, na aliyenifukuza ni nani. Nilipomwambia ni jirani aliyeniazima ngazi mwezi uliopita, alitikisa kichwa kama mtu aliyesikia habari anayoijua. "Kwetu alikuwa mwalimu wa piano," akasema.

Alizaliwa Hungaria. Alikuwa na miaka tisa walipokuja kuwachukua Wayahudi wa mji wao. Mama yake alimsukumia mlango wa nyuma, kwa mwanamke aliyekuwa akiwafulia nguo, na mwanamke huyo akampa jina lingine, akamfundisha sala za Kikristo, akamficha hadi vita vilipokwisha. Wazazi hawakurudi. Mjomba alimleta Durban. Kitu pekee alichobaki nacho kutoka kule ni kibanio cha nguo, cha mti, kimekuwa cheusi kwa kushikwa. Kila alipozungumza alikipitisha mkono kwa mkono. Mama zetu walikigeuzageuza na kukijaribu kwenye vitenge vyao. "Hiki kingali kinabana," walisema. Hakuna picha ya kituoni iliyofanya kazi ya kibanio kile.

Yeye ndiye aliyenipeleka kituoni kuomba kazi. Nawaambia haya ili mjue nilimpenda, kwa sababu kosa langu lilitokana na hilo.

Kabla ya kituo, nilikuwa mkalimani wa kanisa. Mmekulia kwenye makanisa yetu, mnaijua kazi ile. Pasta anasema sentensi, wewe unaisema kwa Kiingereza. Akiruka unaruka, akilia unalia. Na sheria ya kwanza ya mkalimani wa madhabahuni ni kwamba humwangushi pasta. Siku moja alitutembelea diwani, mtu mkubwa wa mwili, na Pasta Elie akamkaribisha kwa furaha yote: "Mungu amekubariki, Mheshimiwa, hata tumbo linashuhudia!" Nikatafsiri, "Mungu amekubariki, na sisi sote tunaona." Diwani akainama kwa shukrani. Baada ya ibada Pasta alinikumbatia. "Faustin, ulimi wako una mafuta," akaniambia. Nilienda nyumbani nikiwa na raha ya wiki nzima.

Ulimi huo wenye mafuta ndio nilioupeleka kazini.

Mara ya kwanza kumpeleka Mama Hanna kanisani kwetu, Cato Manor, ukumbi ulijaa. Alisimulia kwa Kiingereza, nami nikasimama kando yake nikigeuza Kiswahili. Kibanio kikazunguka. Wanawake wakalia. Kisha Pasta Elie akauliza kama kuna mwenye swali, na akasimama Deo.

Deo ni kinyozi, Mrundi, mtu wa kusoma Biblia yake kwa kalamu mkononi. Hakuwa na ubaya usoni. Alisema, "Mama, pole sana. Mimi iko na swali moja. Tunafundishwa kwamba Wayahudi walimuua Yesu, wakasema damu yake iwe juu yao na watoto wao. Hayo yaliyowapata nyinyi, si ndiyo ile damu?"

Wengi walikuwa wanaliwaza swali hilo hilo, niliona machoni. Mama Hanna aligeuka kunitazama, akitabasamu, anasubiri. Ile kofia yake ilikuwa imekaa upande. Nikafikiri: huyu mama aliyekaa juu ya ndoo Isipingo, nimtupie hili jiwe mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu? Na Pasta, mbele ya mgeni?

Nikamwambia, "Anauliza kama imani ilikusaidia wakati ule."

Uso wake ukafunguka. Akasimulia jinsi mama yake alivyowasha mishumaa kila Ijumaa jioni na kufunika macho kwa viganja, na jinsi yeye, akiwa amefichwa, alivyofunika macho Ijumaa bila mishumaa, ili asisahau. Nikayatafsiri hayo vizuri, neno kwa neno. Watu wakapiga makofi. Pasta akaomba. Deo akakaa polepole, akafunga Biblia yake.

Nadhani mmeshaona nilichofanya, lakini mimi ilinichukua miaka. Deo aliuliza kuhusu damu, akajibiwa kuhusu mishumaa. Nilidhani nimemkinga mtu mmoja, kumbe nilikuwa nimewadanganya wote wawili. Mama Hanna aliondoka akiamini ameulizwa kwa upendo. Deo aliondoka akiamini ameuliza kwa uaminifu na mama amemkwepa.

Na niliendelea. Tulirudi kanisani pale, tukaenda Isipingo, tukaenda kwa akina mama wa sokoni. Aliyeuliza kwa nini Wayahudi wanapenda fedha, nilimfanya aulize mjomba alifanya kazi gani. Aliyeuliza kama ni kweli wanaendesha mabenki na vita vya dunia, nilimfanya aulize alijifunzaje Kiingereza. Nikawa hodari sana. Kituoni walinisifu kwamba vikundi vyangu havina fujo. Jihadharini na kikundi kisicho na fujo.

Siku moja binti mmoja wa duka la simu akanichezea sauti iliyotumwa kwenye kikundi cha WhatsApp. Ilikuwa ya Deo. Hakuwa na hasira, alikuwa kama anayetoa ushuhuda: "Ndugu, mimi mwenyewe nilimuuliza ule mama Myahudi, uso kwa uso, mbele ya Pasta. Hakukataa. Alianza mambo ya mishumaa. Mtu akijua hana kosa, si atasema?" Na chini yake watu wameweka alama za moto na mikono ya kuomba, na mwingine ameongeza video ya uongo kuhusu Wayahudi, na mwingine nyingine.

Nilimpigia Deo? Hapana. Ningemwambia nini? Nilifanya kilichokuwa chepesi: nikaandaa somo zuri kuhusu tuhuma ile ya damu. Ninyi mnalitumia hadi leo. Ni somo sahihi. Yesu alikuwa Myahudi, na mama yake, na wafuasi wake wa kwanza. Waliomsulubisha ni askari wa Kirumi. Hakuna mtoto anayerithi hatia ya jambo lililotendwa kabla babu wa babu yake hajazaliwa, na makanisa mengi makubwa yamekiri kwamba fundisho lile lilikuwa kosa lililoua watu. Nililifundisha kila mahali. Cato Manor tu ndiko sikulipeleka.

Mama Hanna hakuwa mjinga. Alikuwa na daftari lenye jalada la kijani, na kila baada ya kikao aliandika maswali aliyoulizwa, ili ajiandae kujibu vizuri zaidi. Mchana mmoja, tukirudi na kigari chake, tukasimama kwenye roboti, zile taa za barabarani. Alikuwa dereva wa kutisha, alipenda kukutazama anapozungumza, kwa hiyo nilifurahia roboti zote nyekundu. Akasema, "Faustin, shule za wazungu huniuliza mambo magumu. Watoto wa Kizulu huniuliza mambo magumu. Watu wako huniuliza chakula na imani. Mbona?"

Roboti ilikuwa bado nyekundu. Nilikuwa na nafasi ya kutosha.

"Wanakuheshimu, Mama," nikasema.

Alinitazama muda mrefu hata gari la nyuma likapiga honi. "Eish," akasema, kama alivyojifunza kwetu, akaondoa gari.

Nilikusudia kumwambia. Alipoacha kuendesha nilikusudia. Alipougua nilienda kwake mara tatu nikiwa na maneno tayari, na mara zote tatu tulizungumza habari za magoti yangu. Mara ya mwisho aliniambia nimletee wale akina mama wa kwaya wamwimbie, nikamwambia Jumapili. Alifariki Alhamisi.

Wayahudi hawacheleweshi mazishi. Tulipopata habari alikuwa ameshazikwa, na jamaa wamekaa nyumbani kuomboleza siku saba. Sisi tukaenda kama tunavyokwenda matanga: kreti mbili za soda, na Mama Chantal, kiongozi wa kwaya, mbele na sauti yake. Mlangoni niliwaambia, "Tafadhali, msiimbe. Kule ndani mgeni haanzi. Unakaa, unasubiri mfiwa aseme."

"Nisiimbe?" akanong'ona Mama Chantal. "Papa Faustin, mimi nimekuja na wimbo, nitaupeleka wapi?"

"Ushike."

Aliushika. Vioo vilikuwa vimefunikwa mashuka, ndiyo desturi yao ya msiba. Binti wa Mama Hanna, Miriamu, alikaa kwenye kigoda cha chini, nguo yake imechanwa kidogo kifuani kwa desturi hiyo hiyo. Tulikaa kimya, wanawake sita na mimi na soda zetu, hadi aliponyanyua uso akasema, "Mama alisema mtakuja kuimba." Ndipo Mama Chantal akaimba, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, na Miriamu akalia.

Tulipokuwa tukiaga, Miriamu alinipa daftari la kijani na kile kibanio. Alisema mama yake aliagiza vije kituoni, kwa ajili ya waongozaji wapya. Yaani ninyi.

Daftari nililisoma nimekaa kwenye ukuta wa nje. Ukurasa hadi ukurasa, mwandiko wa kulala, shule baada ya shule, na chini ya kila jina maswali makali ambayo mengine yangekuumizeni. Kisha kurasa zetu. Ulipenda kula nini. Mjomba alifanya kazi gani. Imani ilikusaidia. Kila sentensi pale ni yangu mimi. Hakuna Mkongo wala Mrundi hata mmoja aliyewahi kuisema.

Chini ya ziara ya mwisho ya Cato Manor alikuwa ameandika: "Hawajaniuliza kuhusu Yesu. Ajabu, kwa watu wa kanisa. Nimuulize Faustin." Na chini yake, kwa wino mwingine: "Nimemuuliza. Anasema wananiheshimu." Hakuongeza kitu. Kisha, ukurasa mzima wa kulia, alikuwa amejiandaa hata hivyo:

"Wakiniuliza, nisikasirike. Nimuulize aliyeuliza amelisikia wapi, nimwache amalize. Kisha nimwambie kwamba siku walipotutoa, watoto wa mtaa waliimba maneno hayo hayo barabarani. Mimi nilikuwa na miaka tisa, sikujua Yesu ni nani. Nimwambie pia kwamba yule aliyenificha aliyasikia kanisani kwake kila mwaka, tangu utoto, na bado alifungua mlango. Sijui kwa nini yeye hakuyaamini. Sikumuuliza. Nilidhani ningekuwa na muda."

Siku iliyofuata nilienda Cato Manor. Deo alikuwa peke yake, anasafisha mashine ya kunyolea kwa mswaki wa zamani. Amezeeka naye. Nikakaa kwenye kiti cha wateja, nikamwambia kila kitu, nikitazama kioo maana sikuweza kumtazama yeye. Nikamsomea ukurasa ule, safari hii bila mafuta.

Aliacha kusugua mashine.

"Kwa hiyo hakunisikia," akasema.

"Hakukusikia."

"Miaka yote hii nawaambia watu alikwepa. Nimewaambia hadi watoto wangu." Aliuweka mswaki chini. "Papa, mimi nilikuuliza wewe? Nilimuuliza yeye."

"Nisamehe, Deo."

"Si mimi wa kukusamehe." Alichukua daftari, akatazama mwandiko ingawa hasomi Kiingereza vizuri. Akaligusa kwa kidole pale nilipomwonyesha palipoandikwa kwamba watoto waliimba. "Sasa iko swali ya pili. Ile siku, amesimama mbele yetu sisi wote na Biblia zetu, na alishasikia maneno kama yale kwa watoto wa mtaa. Alikuwa anatuogopa?"

Nilikuwa nimesimama kando yake siku ile, karibu kuliko mtu yeyote. Nilimwona ananitazama, anatabasamu, kofia imekaa upande. Sijui kama alikuwa anaogopa. Aliyejua hayupo, na nafasi ya kumuuliza niliishikilia mimi.

Deo alituma sauti nyingine kwenye kile kikundi. Alisema alikosea, na akanitaja kwa jina, kama nilivyomwomba. Wengine walijibu, wengine waliondoka kikundini. Ile ya kwanza bado inazunguka. Mwezi uliopita mmoja wenu alitumiwa kutoka Isipingo.

Daftari liko kabatini kituoni, rafu ya juu, pamoja na kibanio. Mkalisome kabla ya kupokea kikundi chochote. Chini ya jibu lake nimeandika swali la Deo kwa Kiswahili, kama alivyolisema, na kurasa zinazofuata ni tupu. Andikeni humo mtakayoulizwa, kwa maneno ya waliouliza.